Wa Sanduku la Kumi na Tisa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Dada kaniambia bado unapanda darini mwenyewe kufukuza panya, na ukikatazwa unakuwa mkali. Jihurumie, mama. Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako mdogo kang'oka meno mawili ya mbele, sasa anacheka kwa kuziba mdomo. Mke wangu anakusalimu sana.

Kazi yangu unaijua. Nilikusimulia kuhusu wachimbaji wa barabara waliokuta mifupa ya askari kwenye handaki la vita vile vya zamani. Yote ililetwa maabara kwetu, watu ishirini na watatu. Tunaiosha kwa mswaki laini, tunaipanga mezani kuanzia fuvu hadi vidole, kisha tunakata kipande na kupima vinasaba, tukitafuta ndugu zao walio hai. Ukishinda na mtu mezani siku tatu unamzoea. Wa sanduku la kumi na tisa alikuwa na mkono uliowahi kuvunjika ukaunga vibaya, na mimi nilikuwa nikimpa habari za mpira.

Hicho ndicho kilichoniponza. Wafanyakazi wote vipimo vyetu vimehifadhiwa, ili mate ya mmoja wetu yakidondokea mfupa ijulikane. Majibu ya huyu wa kumi na tisa yalipotoka, yalishabihiana kwa sehemu na yangu, kama inavyokuwa mate yakichanganyika na mfupa. Lo! Mkuu wa maabara, ambaye huniita Kasuku, alinisema mbele ya watu kwamba mdomo wangu umeishinda hata barakoa. Wenzangu walicheka mpaka basi. Nami, kwa kuwa mdomo wangu naujua, sikubisha. Nilijaza fomu kwamba mfupa umechafuliwa, nikatia sahihi, nikalirudisha sanduku rafuni. Lilikaa huko miezi minane, pamoja na ya wale watakaozikwa bila majina.

Zamu ya kurudia vipimo ilipofika, mimi nilikuwa likizo. Mfupa aliukata mama mmoja mgeni kazini, mtulivu kama maji mtungini, ambaye hata salamu anaitikia kwa kichwa. Majibu yakawa yale yale. Mkuu akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza, bila utani safari hii, kama kwetu kuna mtu aliyekwenda vitani asirudi. Nilikaa chini bila kukaribishwa.

Sasa, mama, nisikilize. Mwezi uliopita nilipokuja ghafla, sikuwa na safari ya kikazi. Kile kijiti cha pamba nilichokusugulia ndani ya shavu, nikakuambia ni cha kupima fizi, nilikudanganya. Niliogopa. Tangu tuko wadogo ulitukataza kumtaja babu, na jina lake hukutuambia; wewe mwenyewe unatumia la mjomba wako. Ulisema alitoroka vita akaoa kwingine, na wewe shuleni ukaitwa binti wa mtoro. Nikajiambia, nikikosea nitakuwa nimekutonesha kidonda bure.

Majibu yametoka juzi. Ni baba na binti yake, hakuna shaka. Mkuu amenikaripia kwa kuchukua mate yako kwa hila, na amesema barua ya ofisi itakufikia wiki ijayo. Nimeona bora isinitangulie.

Hakukukimbia, mama. Alikuwa kwenye handaki lile na wenzake ishirini na wawili, mwendo wa nusu siku kutoka nyumbani kwenu. Umemkasirikia miaka sabini mtu aliyekufa wewe hujamaliza kuota meno. Na mimi, mjukuu wake, nilimshika kwa mikono hii nikaandika kuwa ni uchafu wangu. Nililia chooni kazini, sina haja ya kukuficha.

Nichape ukitaka, ila njoo tumzike. Nauli nimempa dada, naye atakusindikiza. Kibao cha kaburi kiko tayari, mwaka wa vita umechongwa, lakini nafasi ya jina iko wazi. Wameniuliza, nikawaambia wakungoje. Sisi wanao hatulijui. Umebaki wewe tu wa kulitaja.

Majirani wote wape salamu zangu. Nakungojea.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba wako