Mtoto Asiyelia

Mansur mwanangu,

Simu yako haipatikani. Mimi na mkeo tumempeleka mtoto hospitali. Wali na samaki viko chini ya kawa, kula kwanza ndipo utufuate. Njoo na kanga mbili safi na kadi ya kliniki, iko mkobani mwa Rufaida, chumbani kwenu.

Asubuhi nilimwogesha. Maji yalikuwa yamepoa, nikajua atalia. Hakulia. Nikampeleka kifuani kwa mama yake, nikamsugua nyayo, wala hakufumbua jicho. Midomo imekauka. Nepi aliyolala nayo ilikuwa kavu.

Leo ni siku ya tisa tangu azaliwe, na siku zote hizi tumemsifu kwa wageni kwamba ni mtoto mtulivu, hasumbui. Wewe ukacheka, ukasema anakuonea huruma kwa kuwa unatoka kazini umechoka. Kumbe alikuwa akiishiwa nguvu.

~~Rufaida angesema mapema~~

Hapo nimekata, kwa sababu alisema. Juzi alitaka kumwamsha anyonye. Nikamwambia, "Mwache, mwanangu, mtoto akilala ndiyo anakua." Akanitii. Maziwa yakamchuruzika hadi kwenye kanga, akawa anayafuta huku machozi yanamtoka. Nilimwona. Nikadhani ni uchovu wa uzazi.

Ukifika usimuulize Rufaida neno. Niulize mimi.

Usisahau kufunga mlango wa uani.

Na Mungu akijalia ukamkuta mtoto analia, usimbembeleze. Mwache alie kidogo, nimsikie.

Mama