Matumbo Niliyoyaosha

Jumatatu, 4 Machi
Friji yangu imejaa matumbo ya samaki! Mjukuu wangu kayaleta, eti friji ya kazini kwao, huko chuoni wanakochunguza ziwa, imeharibika. Samaki wenyewe wako wapi? Nyama wamegawana huko, nyumbani kwangu umekuja utumbo. Ndiyo shule hiyo.

Kanieleza. Ziwa ni kubwa, nani atahesabu wadudu wote wa kwenye tope? Basi wanapasua tumbo la samaki, wanaangalia kala nini, kala kiasi gani, wanajua ziwa linazaa wadudu wangapi kwa mwaka. Wadudu wasio na uti wa mgongo, anasema. Nikamwambia babu yako naye — siku ya kulima, mgongo hana. Kacheka mpaka kakaa chini.

Jumatano, 6 Machi
Harufu! Hata maziwa yananuka ziwa. Alipoondoka tu, nikayatoa yote. Nimeyakamua, nimeyageuza ndani nje, nimesugua. Vikatoka vikonokono, funza, vidudu vya miguu mingi — uchafu mtupu! Nikamwaga. Nimeyarudisha kwenye vifuko vyake, yanang'aa. Kayapeleka kazini hata asante hakuna.

Ijumaa, 8 Machi
Karudi analia. Matumbo yote matupu! Profesa wake kamuuliza, mwaka mzima unaandika ziwa limejaa wadudu, samaki hawa walikula upepo? Profesa anasema mtoto kapika hesabu. Atafukuzwa.

Kapika! Mtoto huyu hajui kupika hata chai, leo apike hesabu?

Nilitaka kusema. Mimi sijawahi kuambiwa nimekosea jikoni kwangu. Nikamwambia labda samaki walikuwa wamefunga. Kanitazama vibaya.

Jumamosi, 9 Machi
Profesa kaja mwenyewe. Shingo ndefu, viatu mpaka sebuleni. Anataka kuona friji. Nikamwambia tazama baba, safi kuliko ofisi yako. Kakuta kifuko kimoja kilichosahaulika nyuma. Kafungua, kanusa. Kanusa tena.

"Mama, huyu samaki alioga kwa sabuni?"

Mjukuu wangu kageuka polepole. "Bibi…"

Nikasema tumbo limenikata.

Niko chooni, nimejifungia. Wako mlangoni wote wawili. Profesa anasema, Mama toka, hatukugombezi, sema neno moja tu, mtoto asipoteze kazi. Hatukugombezi! Nani amgombeze nani, na viatu vyake vile?

Mtoto analia tena. Kimyakimya, kama hataki nisikie.

Nimeshika komeo.