Nani Anakata Tikiti Hapa?

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya kiwanda cha barafu.
Jumapili, tarehe 9 Septemba

Mpendwa Dada,

Hujambo? Goti linaendeleaje, na baridi ya huko imepungua? Sisi wazima. Mama ana kikohozi kidogo, lakini ukimwambia apumzike ndiyo kwanza anashika ufagio. Mimi nipo na cherehani yangu, na domo ni lile lile.

Nakuandikia habari za Baba. Usishtuke, si mbaya.

Unajua kwamba tangu ile homa ya mwaka jana pua yake haikusikia harufu yoyote. Ila kuna jambo tulikuficha. Alifunga saluni kwa sababu siku moja alikosea chupa, akampaka mwalimu mstaafu spiriti badala ya mafuta, tena kichwa kimetoka kunyolewa wembe. Mwalimu aliruka kitini akatokea barabarani na shuka shingoni. Sisi tulicheka hadi machozi. Baba hakucheka. Alitundika funguo nyuma ya mlango, akawa mtu wa kiti na redio. Alikula kwa kuwa saa ya kula imefika. Niliogopa, Dada. Nilimwona anazeeka mbele ya macho yangu.

Basi Alhamisi ya wiki iliyopita, asubuhi, nikamkokota twende kuvua. Ni msimu wa wale samaki wa buluu wanaofukuza dagaa mpaka karibu na ufuo, wale ambao Baba huwaita mikasi kwa jinsi wanavyokata mshipi. Unakumbuka alivyokuwa akijua wamefika kabla hata ndege hawajaona? Wakiwa wanakula, upepo huleta harufu kama ya tikiti maji lililopasuliwa. Safari hii alininunia njia nzima. "Unanipeleka nikafanye nini? Nikakushikie kapu?"

Na kweli alishika kapu. Nilirusha ndoana mpaka bega likauma, sikupata kitu. Baba alikaa juu ya jiwe, amenipa mgongo. Mara nikamsikia anafoka:

"Nani anakata tikiti hapa?"

"Hakuna tikiti, Baba."

"Usinibishie, nalisikia!"

Tukatazamana. Akasimama, mdomo wazi, kisha akaninyang'anya fimbo ya kuvulia. Maji mbele yetu yalikuwa laini kabisa. Alikwisharusha ndoana ndipo dagaa wakaanza kuruka.

Tulivua saba. Wa nane alimng'ata kidole wakati anamtoa ndoana, naye akacheka huku damu inamtoka. Nililia kidogo, nikasingizia chumvi. Nyumbani alinusa kila kitu, kitunguu, sabuni, mto wake, hata shingo ya Mama. Mama akamfukuza jikoni, lakini alikuwa anajichekea.

Jumatano iliyofuata alifungua saluni. Sasa hakuna chupa inayogusa kichwa cha mtu kabla Baba hajainusa. Mwalimu amerudi, ingawa anachagua kiti cha karibu na mlango.

Jana nilimkuta amefungua lile sanduku la barua zako. Zile za mwaka huu alikuwa amezisoma tu. Alizipeleka puani moja moja, akafika ya mwezi wa tatu, akatulia. "Bado anatumia sabuni ile ile," alisema. Akakaa na karatasi usoni muda mrefu. Mimi nikajifanya natunga uzi kwenye sindano.

Kwa hiyo hizo simu zako za dakika mbili, wapigie wengine. Baba mwandikie kwa mkono.

Msalimie sana shemeji, na mapacha wako wote wawili, hasa yule mkorofi aliyerithi domo langu. Mama anakuombea afya na usingizi mwema. Mungu akutunze huko, akurudishe kwetu salama.

Wako akupendaye hata unapochelewa kujibu,

Mdogo wako,
Domo

N.B. Hilo doa pembeni si uchafu wangu. Ni Baba, amepaka mafuta ya saluni kwa kidole chake chenye bandeji. Anasema nawe unuse.