Nyumba ya mama imelewa

Jumatano, jioni. Mvua ilikatika saa nne asubuhi, jua likatoka na kuchoma, na sasa matope ya Kalundu, mtaa wetu wa ziwani, yananuka samaki. Niko mzima. Lakini kichwani mambo hayajapangika.

Sijui niandike kama mfanyakazi ama kama mtoto wa mtu. Naandika tu.

Tangu ziwa lipande na kuingia katika nyumba zetu, kazi yangu ni kupima kuta. Tuko watatu, tunapita mlango kwa mlango. Fishi yetu, karatasi ya kujaza kila nyumba, iko na majibu matatu: imesimama, imelewa, imeanguka. Iliyolewa ni nyumba ambayo maji yamekula msingi wake na ukuta umeanza kulala. Tunateremsha uzi wenye chuma kizito chini; uzi ukiachana na ukuta zaidi ya vidole vinne, nyumba imelewa. Mwenye nyumba akitia saini, anapewa parsele, kiwanja cha kujenga, kule juu, upande wa mlima. Asipotia, anabaki na maji yake.

Hilo neno halikutoka chuoni. Injenieri Deo, mkubwa wetu aliyekuja kutoka Bukavu, alilisikia hapa hapa. Kila alipouliza nyumba iko namna gani, watu walimjibu, "Hii imelewa." Akadhani ni neno la mafundi. Akaliandika kwenye fishi, akatufundisha vipimo vyake, na siku hizi hata wakubwa wa ofisi wanalisema bila kutabasamu.

Leo tulifika kwa mama yangu.

Nilisimama pembeni, maana si haki mtoto apime nyumba ya mzazi wake. Deo akateremsha uzi. Vidole sita. Akachukua rangi nyekundu na kuandika ukutani, kwa herufi kubwa: LEWA.

Mama alitoka na kuisoma polepole. Huyu ni mama anayeongoza kikundi cha maombi, mama ambaye hajawahi kuonja hata kasiksi, pombe ya ndizi, ya harusi.

"Riziki," akaniambia, "weye unaangalia tu, wanaandika vile mu nyumba yangu?"

"Mama, ni neno la kazi. Haliko na maana ya pombe."

"Neno iko na maana ile watu wanasikia."

Akakataa kutia saini. Deo alinitazama, mimi nikatazama matope.

Ninajua kilichomuuma. Baba alikuwa mlevi. Nilipokuwa mdogo watu walielekezana njia kwa kusema "pita pale kwa mlevi", na pale ni kwetu. Nyumba yenyewe aliijenga mama, kwa kuuza ndagala, samaki wadogo, sokoni, miaka na miaka. Baba amekufa zamani. Halafu leo mtoto wake anakuja na watu wa rangi nyekundu.

Niliona haya. Na niliona haya kwa kuona haya.

Mchana nilishuka bandarini. Nilifikiri, nikipata asili nyingine ya hilo neno, asili safi, mama atakubali. Nikamkuta papa Sumaili, mzee aliyebeba mizigo pamoja na baba. Nikamuuliza neno lilianza wapi.

"Ku mitumbwi," akasema. "Mutumbwi ikipakiwa vibaya, inalala upande. Tunasema imelewa."

"Nani alianza kusema hivyo?"

Alinitazama usoni, kama mtu anayechagua la kusema.

"Baba yako. Alikuwa na jicho. Anatazama mutumbwi mara moja, anasema, hii imelewa, musipande. Tulimucheka. Tulisema mulevi anajua mulevi mwenzake. Siku moja tukapanda kwa ubishi, ikapinduka mbele ya bandari. Tuliogelea, Mungu alisaidia. Kutoka siku ile hakuna kapita, muongozaji wa mutumbwi, alitoka bila kumuuliza kwanza."

 Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba baba yangu aliulizwa kitu.

Ningerudi nyumbani hapo hapo ningekuwa na hadithi nzuri. Lakini nilikosea, nikamuuliza pia mama mmoja anayenunua samaki pale. Akacheka. Kwake neno limetoka Mutarule, kwa wakulima: mahindi yakilazwa na upepo, wanasema yamelewa, tangu enzi za bibi yake. Sasa yupi anasema kweli? Namwamini papa Sumaili. Ninamwamini kwa sababu anajua, ama kwa sababu ninataka?

Nilirudi kwa mama, alikuwa anachagua maharagwe. Nikamweleza yote, mahindi pia. Hakuinua kichwa.

"Ya mahindi sijui," akasema. "Ya mitumbwi najua. Baba yako alikuwa anasemaka vile hata hapa, meza ikiinama, kiti kikiinama. Minye nilimukataza. Nilimwambia hilo neno lisiingie tena mu nyumba yangu." Akatupa jiwe dogo nje. "Sikujua kule bandarini lilikuwa linakinga watu."

Akamaliza kuchagua maharagwe. Kisha akaniuliza, "Rangi ya Deo iko wapi?"

Nilidhani anataka kufuta. Hapana. Alinipeleka mpaka ukutani, akaniambia nisome. Nikasoma: LEWA.

"Hiyo ni kuniamuru," akasema. "Mutu akipita anasoma, lewa. Minye siwezi kulala mu nyumba inaniamuru nilewe. Andika vizuri. Andika imelewa."

Nilipomwita Deo na rangi yake alielewa mara moja, akaomba msamaha, akanipa brashi. Nikaongeza IME kwa mkono wangu. Mama akatia saini, jina lake lote, bila haraka. Wiki ijayo tunahamia juu.

Ningepaswa kufurahi, na kweli nimefurahi. Lakini asubuhi niliamka nikiwa na baba mmoja, yule wa aibu, niliyemzoea. Sasa yuko mwingine ambaye makapita walimngoja aseme neno ndipo watoe mtumbwi. Sijui kama ni mtu mmoja. Sijui kama alikuwa na jicho hilo siku za pombe, au siku nyingine ambazo mimi sikuziona.

Kesho nitamsaidia mama kufunga vyombo. Nitamuuliza. Safari hii nitauliza mtu mmoja tu.