Majani Meusi ya Mla-Nzi

Jumatatu, 4 Agosti

Majani manne mengine ya mla-nzi wangu yamekufa. Nimeamka, nimeswali, nimekwenda moja kwa moja barazani kuinua chupa niliyoyafunikia ili yachipue miche. Meusi. Yamelegea kama majani ya chai yaliyokwisha chujwa. Hii ni mara ya tatu. Na nimefuata kila kitu: jani zima na kikonyo chake, juu ya kuvumwani mbichi ya kwenye mawe yenye unyevu, mwanga wa asubuhi, maji safi ya kuchemsha. Miaka kumi na sita nafundisha bayolojia na kemia, halafu jani lenye urefu wa kidole linanishinda. Aibu tupu.

Mama yuko jikoni, analalamika tena kwamba maharage ya hapa Bigwa hayaivi. Tangu nimlete kukaa nami mwezi Mei ni maharage, maharage. Nimemwambia anunue mengine.

Jumamosi, 9 Agosti

Mjomba Shomari kapiga simu. Yeye ndiye msimamizi wa shamba la ukoo kule mlimani, na kwetu shamba linafuata upande wa mama, kwa hiyo neno la mjomba ni neno. Mwaka jana alichimba mtaro, akakausha kidimbwi cha chemchemi, akapanda kabichi. Mla-nzi wote wakafa. Bibi alikuwa akinipeleka pale nikiwa mdogo, tunachuchumaa kutazama nzi akinaswa kwenye ulimbo wa yale majani mekundu. Niliwahi kuokoa mche mmoja tu. Ndio huu uliopo barazani, kwenye kopo la siagi.

Imebaki kona moja yenye unyevu, ukubwa wa mkeka. Nilimwomba aiache, nikaahidi kurudisha miche. Leo kasema waziwazi: vuli ikikaribia sijaleta kitu, anachimba. "Mwalimu, kona haiwezi kukaa bure inasubiri maneno." Nimekata simu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hajakosea.

Jioni nimekata majani matatu. Mche umebakiwa na matano.

Jumatano, 13 Agosti

Dagaa!

Nimerudi kutoka shuleni, nakuta dagaa mzima, na macho yake, kalala juu ya mche wangu. Jani limejikunja kumshika na limeshaanza kuoza. Nikauliza nani kamweka. Mama, bila wasiwasi: "Si unasema anakula nyama? Nimemwona amekonda."

Nimefoka. Nimesema ndiyo maana majani yote yanakufa, kumbe kuna mkono unayachezea nisipokuwepo. Nimesema mtu kama hajui kitu asikishike. Hayo namwambia mama yangu mzazi. Yeye kaosha kikombe chake, kaenda kulala na jua bado halijazama.

Bado nina hasira. Ninaandika nikiwa nayo.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama ameondoka. Kaenda mlimani kwa mdogo wake, Mjomba Shomari. Kaniachia sufuria ya maharage, kaifunika vizuri. Nimejaribu kula. Magumu kama changarawe.

Haya, vizuri. Sasa hakuna wa kuyagusa majani.

Jumapili, 24 Agosti

Meusi. Yote matatu.

Siku kumi nyumba hii ina mimi peke yangu. Nikitoka nafunga kwa ufunguo. Hakuna mkono, hakuna dagaa. Basi sina wa kumlaumu, na sikujua kwamba kumlaumu Mama kulikuwa kunanisaidia kiasi hiki. Nimekaa sakafuni barazani mpaka miguu imekufa ganzi.

Nimempigia. Simu inaita tu.

Jumanne, 26 Agosti

Nimejua.

Asubuhi nilichemsha maji ya majani kama kawaida yangu, nikayaacha yatokote dakika kumi zaidi ili yawe salama kabisa. Nikayamimina, nikachungulia ndani ya birika. Gamba jeupe limeganda chini. Nimelikwangua kwa kijiko, likatoka vipande vipande kama ganda la yai. Chumvi ya kisima chetu. Mmea uliozoea chemchemi ya mlimani, mimi naunywesha hiyo! Kuchemsha kunaua vijidudu. Chumvi haifi. Maji yanapungua, iliyobaki ndani inakolea. Maji magumu hayo, mada niliyoifundisha mwenyewe, kwa chaki yangu, sijui mara ngapi.

Na maharage je? Nani asiyejua kuwa maji ya namna hii hayaivishi maharage? Tangu Mei Mama ananiambia habari za maji, mimi nasikia habari za maharage.

Mjinga ni mimi.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimepanda mlimani kwa bodaboda, dumu tupu nimelipakata. Mama yuko uani anachambua mboga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Basi. Akaendelea na mboga zake.

Nimechuchumaa nikachambua naye. Nimemweleza yote: birika, lile gamba, chumvi. Nikamwomba radhi kwa maneno ya siku ile ya dagaa. Akakung'uta majani mapajani mwake, akasema: "Mimi dagaa nilimpa mmoja. Wewe chumvi umempa kila siku."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nikamwomba muda. Akasema vuli ni vuli.

Mama kalijaza dumu mwenyewe kule chemchemini, maji yanapoingia mtaroni. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkoba wake.

Jumapili, 31 Agosti

Nimekata majani mawili. Yamebaki mawili kwenye mche, sitathubutu tena. Safari hii sikuweka kuvumwani. Nimeyalaza kwenye sahani ya maji ya chemchemi, nikaifunika. Haya yakifa, nitampigia Mjomba nimwambie achimbe tu. Nimechoka kuahidi.

Ijumaa, 12 Septemba

Bado ya kijani. Sijui kama ni uhai au ukaidi. Kila nikiinua kifuniko Mama ananiambia niache kumsumbua mgonjwa.

Mjomba ameshanoa jembe. Kamwambia Mama kwenye simu, kwa sauti, ili na mimi nisikie.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kwenye ukingo wa jani moja kuna vidoti. Nilidhani ni uchafu. Nimechukua lenzi niliyoiazima shuleni: vijani, vidogo kuliko punje ya ulezi, na kila kimoja kina vinywele vyake vyekundu. Nimempa Mama lenzi. Amehesabu kwa kidole, polepole, akarudia.

"Saba."

Akampigia mdogo wake. "Shomari, jembe liweke." Akasikiliza. Akakata simu, akasema Mjomba ameitikia, sawa dada.

Mchana tumekula barazani. Maharage Mama kayapika kwa maji ya dumu langu bila kuniuliza. Laini. Nimejiongezea. Pembeni palikuwa na dagaa wa kukaanga. Mama alimchukua mmoja, akaitazama ile sahani ya majani, akanitazama mimi, halafu akamtia kinywani mwake mwenyewe.