Mbio za Mwishehe

Ukonga, 6 Juni 1993

Dada Hamisa,

Shikamoo. Sie huku wazima, ila mguu wa mama bado umevimba, na mie nimezidi kupendeza. Nyie Tanga mwaendeleaje? Shemeji hajambo? Na kitambi chake?

Sasa kaa chini. Mdogo wako niliyefukuzwa darasa la sita kwa kuwafundisha wenzangu kamari, leo naitwa kocha. Usicheke. Kuna mwalimu mmoja Mhaya, Benedicta, ana darasa la watoto wenye ulemavu wa akili pale shuleni, na jioni anawachezesha michezo. Nilimpeleka mwanao Mwishehe, mie nikakaa ukutani kuwacheka. Mwalimu akanifuata: "Kijana, wewe mwenye akili nyingi, njoo ushike kamba ya kumalizia mbio." Nikashika. Toka siku ile sijaiachia. Hanilipi hata andazi, kanipa fulana tu, lakini nikipita nayo mtaani watu wananipisha.

Na mwanao, dada! Miaka kumi na sita, kifungo hajui kufunga, lakini miguu ile ya swala. Ila ananisikia mie peke yangu. Mwingine akimwambia kimbia, anakaa chini anachuma majani.

Lililobaki si zuri. Mjomba Talha kaja. Anataka Mwishehe akakae shambani kwake Pugu, awe anafukuza ngedere kwenye mahindi. Kasema mchana atamfunga kamba kiunoni asipotelee msituni. Mama naye kasema kwa mguu ule hawezi tena kumfuata mtoto barabarani. Ongea na mumeo amchukue huko, dada. Ongea naye akiwa ameshiba.

Mdogo wako,
Twaha


Tanga, 27 Juni 1993

Mdogo wangu Twaha,

Marahaba. Hapa tupo, Mungu anatusitiri. Barua yako nimeisoma jikoni mpaka ugali ukaungua. Mpe mama pole yangu.

Nimeongea na shemeji yako. Unamjua, toka anioe anawaambia watu sikuja na mtoto. Nilipomtajia mbio akacheka, kisha akasema: "Akipata medali apigwe picha nayo, niwaonyeshe wenzangu barazani. Hapo atakuja. Lakini mtoto wa kudondosha mate tu, abaki kwao." Sikujua nilie au nishukuru. Nikamshukuru.

Mwombe Mjomba asubiri kidogo. Na wewe, mara hii moja, usiniletee utani.

Dada yako,
Hamisa


Ukonga, 18 Julai 1993

Dada Hamisa,

Shikamoo tena, mama wa bingwa! Mama anachechemea lakini anacheka. Mjomba kakubali kusubiri mpaka mashindano yaishe, kwa kununa.

Medali ihesabu ni yako. Sikiliza ubongo wa mdogo wako. Mashindano haya hawawachanganyi wenye mbio na wazito. Kwanza kuna mchujo, wanawapima kasi, halafu wanawapanga wa kulingana wakimbie pamoja fainali. Mwalimu alitukusanya kutusomea sheria zote, lakini mie nizisikilize za nini? Mbio nazijua toka tumboni. Nikatoka nikanunua muwa.

Jana ndiyo ilikuwa mchujo, Temeke. Nikamwambia Mwishehe, "Leo tembea polepole, anko atafurahi." Akaenda kama kabeba mayai kichwani! Wamempanga na wazito watupu, yumo na Elinaza wa Gongo la Mboto, ambaye akifika katikati anasimama kupungia watu. Mwalimu Benedicta kashangaa: "Twaha, huyu leo anaumwa?" Nikamwambia, "Tumbo, mwalimu." Jumamosi hii nitamwambia kimbia, basi. Mpiga picha nishaongea naye.

Kocha, mdogo wako,
Twaha


Tanga, 8 Agosti 1993

Mdogo wangu Twaha,

Hujambo? Mama je? Jumamosi ile imeshapita na sijaona barua. Nilipata ile ya mchujo nikaisoma mara nyingi, sikuielewa vizuri, nikaona wewe ndiye uliyeko huko, unajua.

Shemeji yako kashawatangazia barazani kwamba ana kijana mkimbiaji. Kila jioni ananiuliza, "Picha vipi?" Jana kasema "mwanangu". Twaha, kasema mwanangu. Niandikie hata mistari miwili.

Dada yako,
Hamisa


Ukonga, 10 Oktoba 1993

Dada,

Shikamoo. Mama mguu umepata nafuu. Mie nipo.

Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Alikimbia, dada. Nilimwambia kimbia na akaruka, wenzake akawaacha nyuma kabisa, watu wakasimama kumshangilia, mie nikapanda ua wa uwanja natukana kwa furaha. Alipofika aliketi chini, akaniuliza, "Anko, umefurahi?"

Halafu waamuzi wakakutana. Mwalimu Benedicta akaja. Hakunifokea. "Twaha, siku ya mchujo ulimwambia nini huyu mtoto?" Kumbe ukikimbia fainali kwa kasi inayozidi mno ile uliyopimiwa, unatolewa, maana inaonekana kwenye mchujo kasi yako ilifichwa makusudi. Ndiyo sheria aliyotusomea siku ile. Medali akavishwa Elinaza. Mwishehe alikuwa keshapanda jukwaani, kainamisha shingo anasubiri naye avishwe, na alipoteremshwa shingo ikabaki vilevile.

Mie nikamfokea. Mbele za watu. "Nani kakutuma ukimbie namna ile?" Nilimfokea yeye, dada.

Mwalimu kasema mwakani anaweza kushindana tena, ila mie nisirudi pale. Fulana nimerudisha. Mjomba Talha alikuja wiki ileile, mama akafunga nguo za mtoto kwenye kanga. Shemeji mwambie utakavyoona.

Jumapili iliyopita nilikwenda Pugu. Kamba anafungwa kweli. Ngedere walikuwa wameingia kwenye mahindi, Mjomba akamfungua, anapiga kelele, "Kimbia, zuzu wee, kimbia!" Mwishehe kasimama tu. Nikasema labda atanisikia mie. Nikamwambia kwa upole, "Mwishehe, kimbia."

Akaanza kutembea. Polepole sana, mguu mmoja, kisha mwingine, na kila hatua anageuka kunitazama usoni, kuona kama sijakasirika. Ngedere hawakujisumbua hata kuondoka.

Mdogo wako,
Twaha