Maelekezo Yanayosomeka

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Goti lako linaendeleaje?

Bado napokea simu za wateja wa mashine za oksijeni. Jana wauguzi kumi na mmoja waliuliza swali lilelile: taa nyekundu ikiwaka, tufanye nini? Kitabu cha maelekezo kinajibu ukurasa wa sitini, kwa maneno yanayohitaji mkalimani. Basi nimeandika ukurasa wangu mmoja. Msimamizi kanijia juu: "Kazi yako kujibu simu, si kutunga vitabu!" Nimekuwekea nakala humu. Usome, unikosoe bila huruma.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, lakini linatembea.

Nimesoma. Hatua ya tatu unasema "hakiki mtiririko". Ndiyo nini hiyo? Mimi fundi cherehani. Niambie nishike wapi, nitazame nini. Na onyo la moto umeliweka mwisho, mtu ameshaungua huyo! Lipandishe juu. Baba yako anasema ufyate mdomo usije ukafukuzwa. Mimi nasema mpelekee mkubwa wa msimamizi.

Mama

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kimya changu; sikutaka kukupa wasiwasi. Nilirekebisha, nikampelekea mkuu wa kitengo cha maandishi. Msimamizi alipojua, akanisimamisha kazi wiki mbili. Nikajua nimekwisha.

Kumbe mkuu aliujaribu ukurasa kwa wauguzi sita. Watatu aliowapa kitabu walikwama. Watatu wa ukurasa wangu waliwasha mashine chai yao haijapoa! Akaniita: "Umejifunzia wapi kuandika hivi?"

"Kwa watu walionifokea kwenye simu," nikamjibu. "Na kwa mama."

Nimekuwa mwandishi wa maelekezo, mama! Kitabu kizima nakiandika upya. Mwambie baba.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba! Nimepiga vigelegele hadi mteja akadondosha kitambaa. Baba yako sasa anadai yeye ndiye aliyekushauri. Mwache tu.

Mama

19 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamooni nyote. Mimi buheri wa afya. Kitabu kimetoka, kinasambazwa zahanati zote tunazohudumia.

Leo wenzangu wa zamani wameniita chumba cha simu: kuna mama anamtaka aliyeandika kile kitabu. Nikapokea simu. Ni mhudumu, wiki yake ya kwanza kazini. Muuguzi alikuwa kaitwa kuzalisha, mtoto akaletwa anahema kwa shida. Akafungua kitabu, akafuata hatua moja moja. Mtoto anapumua vizuri.

Nikamuuliza, "Sasa umekwama wapi, dada?"

"Sijakwama," akasema. "Nimepiga kukwambia tu."

Mwanao, mwandishi